Sekunde Tatu

Iestyn aliketi nyuma, karibu na makoti yanayochuruzika maji,
saa yake ya kupimia mbio za vijana kiganjani,
daftari gotini.
Nilimwalika mwenyewe. Nilidhani ataandika sifa.

Mvua ya Blaenau haina adabu ya kupiga hodi.
Ilikuwa ikishukia vilima vya vifusi, mawe meusi
ambayo zamani yalichongwa kuwa mapaa ya miji ya mbali
na vibao vya kuandikia watoto wasioyajua mabonde haya.
Ndani kwangu palichangamka:
swali, mkono, jibu, swali, mkono, jibu,
kama bisi kwenye sufuria.
Nikajisemea, kujifunza ndiko huku, kunasikika.

Baada ya kengele akanisomea, bila kupandisha sauti:
"Maswali arobaini na saba.
Kungoja kwako, kwa wastani, hakufiki sekunde moja.
Macsen kajibu kumi na tisa, Tegwen kumi na sita.
Saba umejijibu mwenyewe.
Matano wamegawana wanne.
Watoto ishirini sijazisikia sauti zao."

Nyani haoni kundule. Mimi nilioneshwa langu
kwa penseli, kwenye karatasi ya mistari.
Nilikasirika. Miaka ishirini na mitatu kazini!
Nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Tumeshauziwa mengi shuleni hapa.
Kuna mwaka tuliambiwa kila mtoto ana mlango wake,
huyu wa jicho, yule wa sikio, yule wa mkono,
tukabandika majina ukutani kwa rangi tatu.
Hakuna aliyeuliza jambo hilo lilipimwa wapi.
Gundi yake haijatoka mpaka leo.
Hii ya Iestyn haikuwa na rangi wala ankara.
Ilisema tu: uliza, kisha nyamaza.

Nyamaza! Nani aliyewahi kulipwa kwa kunyamaza?
Nimewahubiria watoto subira tangu nikiwa kijana,
sikuwahi kuipima yangu.

Jumatatu nikauliza: nusu ya thuluthi ni ngapi?
Nikahesabu kwa vidole vya mguu, ndani ya kiatu.
Moja.
Mkono wa Macsen ulisimama kama mlingoti. Nikaupita.
Mbili.
Bomba la joto likakohoa. Mtu akaangusha kifutio.
Sekunde ya tatu ilikuwa ndefu kuliko mahubiri ya mazishi,
na ndani yake, kule dirishani,
Non, binti wa fundi wa breki, ambaye tangu Septemba
alinijibu kwa mabega tu,
akafungua mdomo.

"Humusi," akasema. "Kwa sababu mbili na tatu ni tano."

Alikosea.
Alikosea vizuri mno, hatua kwa hatua, kwa sauti,
na vichwa kumi na viwili vikaitikia pamoja naye.
Ndipo nikajua walipopotelea.
Vuli nzima nilikuwa nikipita njia hiyo mbio,
nikishikilia jibu sahihi la Macsen kama tochi
iliyonimulikia mimi peke yangu.

Tukachukua karatasi. Tukaikunja mara tatu, tukaikunja tena,
Non akavihesabu vipande kwa ncha ya ukucha:
sita. Akavihesabu upya, hakuniamini,
na sikutaka aniamini.
"Basi ni sudusi," akasema, akiitazama karatasi, si mimi.

Sitadai muujiza. Alama za hesabu mwezi Machi
zilipanda kidogo; za kusoma zikabaki palepale.
Siku nikichoka, ulimi hunitoka mbio kama mbuzi aliyekata kamba.
Lakini Iestyn amepima tena: sekunde mbili na nusu,
na sauti kumi na saba.
Zile tisa zilizobaki nimeziandika majina,
nimeyaweka mfukoni pamoja na funguo.

Kesho ni zamu yangu kuketi karibu na makoti.
Saa amenikabidhi leo mchana, bado ina joto la kiganja chake.
Ameniambia hana wasiwasi wowote.
Ameniambia mara mbili, kabla sijauliza.