Yai Ndani ya Glasi

Karatasi ya mahakama inasema: Ijumaa moja ndiyo, moja hapana.
Ijumaa hii ndiyo.
Motel ana miaka tisa, Gitta sita,
nami nina arobaini na mmoja, na sijawahi kupika wali
ukaiva wote kwa pamoja.

Basi nimesimama dukani kwa Bi Frumet, hapa Antwerp,
maji ya mvua yananitoka kofiani
yakidondokea vitabu visivyo vyangu,
na kila treni ikipita juu ya matao
rafu hutetemeka, kama zinanicheka kwa siri.

Kitabu cha kwanza kizito kama mtoto aliyelala.
Na picha zake! Samaki kajinyoosha juu ya sinia la fedha,
mkate wa Sabato umesukwa nyuzi kumi na mbili,
na chini, kwa herufi ndogo kama sisimizi: "rahisi".
Rahisi kwa nani? Kinanitaka niwe na mashine tatu,
siku mbili,
na mke.
Nikakirudisha. Uzuri wa mkakasi.

Cha pili kinajua mno.
Kurasa arobaini za sheria kabla ya kitunguu kimoja.
Lakini sheria nazijua, nimezaliwa ndani yake:
nyama na maziwa havikai chungu kimoja,
sufuria za huku, sufuria za kule,
na ukishakula nyama, saa sita uzihesabu
ndipo uguse jibini.
Nisichokijua ni moto.
Uwe mkubwa kiasi gani, na lini mtu anaacha kukoroga.
Hilo hatukufundishwa chuoni,
tulipobishana hadi usiku wa manane
juu ya tone la maziwa lililoangukia mchuzi,
na mchuzi wenyewe, siku zote,
ukipikwa na wengine.

Bi Frumet hakuniuliza kitu.
Mtaa wetu ni mdogo, habari humtangulia mwenyewe.
Alipanda ngazi, akashuka na kijitabu chembamba
chenye waya mgongoni, kile cha kulala wazi mezani
bila kushikwa na mtu.
"Huyu mwandishi," akasema, "amewahi kuunguza."

Nikafungua. Hakuna picha.
*Vunja yai ndani ya glasi, kila yai peke yake.
Litazame kwenye mwanga.
Ukiona damu, mwaga. Usihuzunike. Chukua lingine.*

Usihuzunike.
Nikausoma mstari ule mara mbili,
nikajifanya naifuta miwani.

Pembeni mwa kila pishi kuna alama:
nyekundu nyama, buluu maziwa,
kijani kisicho upande wowote, kinachokaa na wote wawili.
(Hicho, nikawaza, ndicho hakimu anachotaka niwe.)
Kitunguu kikaangwe mpaka kiwe rangi ya kamba za viatu.
Supu husamehe. Keki haisamehe, ingoje mwezi ujao.
Nikalipa yuro kumi na moja, na chenji nikaisahau.

Alhamisi usiku nilifanya jaribio.
Yai la tatu lilikuwa na damu.
Nikamwaga.
Sikuhuzunika sana.

Ijumaa wamefika saa nane, jua la Desemba likiwa limeshakata tamaa.
Motel amesimama mlangoni na begi lake mgongoni,
bado hajaamua kama analivua.
"Baba, wewe ndiye unayepika?"
Mimi.
"Kweli?"
Kuku yuko motoni, kisu chenye utepe mwekundu kiko mahali pake.
Nikampa Gitta glasi. Akaiinua dirishani kwa mikono miwili,
jicho moja kalifumba, ulimi nje,
akalikagua lile yai kama sonara akagua almasi.
"Baba, ndani kuna jua tu."
Begi likaanguka sakafuni. Motel anataka na yeye kutazama.

Tukawasha mishumaa kwa wakati, kwa dakika mbili tu.
Wali, hata hivyo,
nusu uliiva.