Kisima kwenye Kitambaa cha Shule

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tunakutana
nyuma ya cherehani ya Fundi Shaame, Magomeni,
watu kumi na tisa na daftari moja.
Mimi ndiye katibu. Waliotoa nawaandika kwa wino wa bluu,
wanaodaiwa kwa mwekundu,
na waliokufa nawapigia mstari kwa rula,
maana mstari uliopinda ni kumkosea mtu adabu.

Leo ajenda ilikuwa moja:
kisima cha Mtondooni kimeingia chumvi.
Mize alipiga simu kutoka huko,
ncha ya mwisho ya kisiwa, kaskazini,
ambako ukitaka mtandao unapanda ukuta wa msikiti.
"Nyumba zimebaki saba," alisema,
"na ya nane ina paa tu."
Tukahesabiana vichwa. Kijiji tulikuwa sisi.

Tuchimbe kipya, wakasema. Sawa.
Ndipo Nassor, mzaliwa wa Mwananyamala,
anayeijua Mtondooni kwa mchango wa elfu mbili,
akauliza:
"Kwani hicho cha zamani kiko wapi?"

Fundi akatandaza kitambaa, bluu ya shule, mita tatu.
"Hii bahari," akasema,
na kwa kweli ilikuwa bahari.
Akachora ufuo, msikiti, na kiduara: kisima.
Bi Time akamnyang'anya chaki.
"Sivyo! Kisima ki nyuma ya kwa Makame, penye mkadi."
Mzee Faki akacheka hadi akakohoa:
"Mkadi ulikatwa mwaka wa kipindupindu, wewe hujaota meno."
Akafuta kwa kiganja, akachora kwingine.

Saa nzima kisima kilitembea.
Kilipita makaburini, kikapanda mwamba,
kikarudi mikokoni, kikakaa kidogo, kikahama.
Kila aliyeshika chaki
alikichimba mlangoni kwa mama yake.

Hakuna aliyelia.
Bi Time alijifunga kanga upya, akaomba maji,
akapewa ya chupa.
Akasema hayana kitu ndani.

Nikaandika: *Laki mbili na nusu zitumwe.
Mahali achague Mize.*
Nikatia sahihi. Nassor akatoa elfu tano,
akasema chenji ibaki.

Kitambaa kilikuwa na mwenyewe:
kaptula tano, darasa la kwanza, zinatakiwa Jumatatu.
Fundi akapiga brashi, mara moja tu, kwa haraka,
akashika mkasi.
Msikiti ulikwenda na vipande vya kutupwa.
Makaburi yakawa pindo.

Jana, barabara ya Kawawa,
nimemwona mtoto anasubiri magari yapungue,
begi kubwa kuliko mgongo,
na mdomoni mwa mfuko wa kaptula
nusu ya kiduara cheupe.

Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini?
Akatumbukiza mkono humo, ukazama wote,
akapapasa, akapapasa,
akatoa ubuyu.