Kasha la Biskuti

Nimelifungua usiku huu, jikoni, Muyeye,
koroboi ya stima ikizima na kuwaka:
karatasi arubaini na moja za kidato cha tatu
zimekunjwa ndogo ndogo kama hirizi.

Niliwaambia msiandike majina.
Mmoja kaandika, kakata, kaandika tena.

Swali la kwanza: kinga ina maana?
Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo sana, sista. Ndiyo.
Ungedhani kazi imekwisha,
nivue sare, nikalale.

Swali la pili: basi kigumu ni kipi?
Hapo kalamu zimetoboa karatasi.

"Mwenye duka la dawa ni mjomba wangu."
"Nikitaja, ataona simwamini."
"Nikitaja, ataniuliza nimejulia wapi."
"Kwetu hayasemwi. Hata mbuzi akizaa
tunafukuzwa uani."

Na hii, mwandiko umelalia kushoto:
"Mara moja nilipuuza. Sikupata kitu.
Kwa hiyo mimi najua."

Nimeiweka kando, chini ya kikombe.
Wajua nini, mwanangu?
Aliyevuka barabara ya Lamu macho kayafumba
akafika ng'ambo salama
hajajifunza kuvuka.
Kajifunza kufumba.

Mama alitupa neno moja tu, mimi na Mbeyu:
"Jichungeni."
Kisha akaendelea kupepeta mchele.
Mbeyu akajichunga na mbwa,
akajichunga na jua la saa saba,
na deni la dukani, na maji ya kisima cha watu.
Hakuambiwa kingine.
Kufikia mavuno, sare ya shule haikumtosha,
na mama akaupepeta mchele ule ule
kana kwamba chuya ziko humo.

Mtoto wa Mbeyu ninaishi naye mimi.
Huniandikia vya kununua, akabandika mlangoni pa friji:
sukari, mafuta, sabuni ya kipande.
Herufi zake zimelalia kushoto.

Nilisema msiandike majina.
Nami sikusoma jina.

Nimeinyanyua kikombe, nimekirudisha.
Chumba cha pili, feni inakwaruza.
Kila wiki nasimama mbele ya watoto wa watu
na ubao, na chaki, na sauti isiyotetemeka,
na nyumbani nasema: umekula? umefua? jichunge.

Jichunge! Kwa mdomo wangu huu.

Asubuhi nitapika uji wa mtama, nitauacha upoe.
Nitakaa upande wake wa meza, si mkabala.
Sitauliza kitu.
Nitaanza na Mbeyu,
na mbwa, na jua.