Kanda la Usufi

Kabla ya Februari nilikuwa mpagazi.
Kilo tisini mgongoni, kwenye fremu ya mbao:
unga, mitungi ya gesi, bia ya wageni,
kutoka kituo cha treni hadi kibanda cha wapanda milima
kule juu Tatra, theluji ikinifika magotini,
na watalii wakinipisha njiani, wamekumbatia mawe.

Kisha nimonia. Kisha damu ikaingia sumu.
Siku kumi na tisa mashine ilinipumulia
katika hospitali ya Poprad, na mimi sikuwepo.
Niliporudi nilikuta miguu ya mtu mwingine kitandani,
imelala sambamba kama sindano za kufumia.
Nikaiambia: pinda.
Ikanisikia kama wanavyonisikia watoto wa dada yangu.

Daktari Hudáková akasema, "Leo utakaa."
Nikacheka moyoni. Kukaa!
Nilikaa dakika mbili, jasho likanichuruzika,
wakanilaza tena kama gunia tupu.

Kesho yake, dakika nne.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kijiko kina uzito.

Nyumbani Žofia alinipima kwenye mizani ya viazi,
ile ile tuliyopimia mizigo yangu.
Kilo hamsini na nane.
"Ningekubeba mwenyewe hadi juu," akasema,
"na juu yako nikapachika sukari."
Kisha akaingia jikoni,
na bomba la maji likaachwa wazi muda mrefu.

Machi: kutoka kitandani hadi dirishani.
Aprili: ngazi za ghorofa yetu, vidato kumi na vinne.
Kwenye cha tisa nikaketi.
Jirani, Bi Kubašková, akanipita na ndoo ya makaa,
miaka themanini na mmoja,
akaniuliza kama nimepoteza kitu.
Nikasema ndiyo, kifungo cha shati.
Akatua ndoo, akainama,
akaanza kukitafuta.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa.
Sasa mwenzangu huyo ni mimi wa mwaka jana.
Usiku namwona akipanda na tisini zake, akipiga mluzi.
Siamini uzito wake,
wala yeye hauamini wangu.

Juni nikaiteremsha fremu kutoka darini.
Tupu, ina kilo sita. Nikaivaa.
Mikanda ilikuwa bado na umbo la mabega
ambayo sinayo.
Žofia akaweka pakiti moja ya chumvi,
akaifunga kwa kamba, mafundo matatu,
kwa uangalifu ule ule wa zamani,
kana kwamba ingeweza kunilemea.
Ilinilemea.

Chini ya misonobari: hatua ishirini, pumzika.
Kumi na tano, pumzika.
Kumi na moja.
Nyuma yangu nikasikia pumzi ninayoijua,
pumzi ya aliyebeba, fupi, isiyo na maneno.
Matúš, kijana niliyemfundisha kufunga kamba,
na mapipa mawili ya bia.
Nikampisha. Nikakumbatia jiwe kama mtalii.
Hakusema pole, Mungu amjalie.
Alitikisa kidevu tu,
kama tunavyosalimiana wapagazi
wote wawili tukiwa na mzigo.

Kibanda sikukifikia.
Lipo jiwe bapa, robo ya njia, tunapotulizia migongo.
Niliiacha chumvi pale, nikaiwekea kokoto juu
isipeperuke, kilo nzima ya chumvi,
mtu akipeperusha mwenyewe hufikiri hivyo.
Nikashuka kinyumenyume penye mteremko mkali,
magoti yakitetemeka kama ya ndama wa saa moja.

Jioni simu ikalia. Mpishi wa juu, Ivica:
"Supu ya leo imezidi chumvi."
Mwongo. Miaka kumi na miwili naijua supu yake,
haijawahi kuzidi kitu.
Nilikuwa nimelala sakafuni, viatu bado miguuni,
kwa kuwa kuinama kuvivua ilikuwa safari nyingine.
Akasubiri. Nikasubiri.
Kisha akaniagiza pilipili manga,
gramu mia,
na akataka kujua nitaileta lini.