Sekunde Kumi na Moja

Mhifadhi wa nyaraka ananikabidhi glavu nyeupe,
anazima taa: "Ni dakika ishirini tu, bibi."
Nje, Edinburgh na mvua yake ya kunung'unika.

Filamu inaanza na bendera.
Kisha wasichana wa kiwanda cha risasi:
kila mmoja ana jina, ana mtaa, ana mchumba jeshini.
Mkulima ana jina.
Hata farasi wake ana jina, Bonnie.

Halafu msitu. Misonobari. Theluji.
Wanaume wa Honduras ya Uingereza na mashoka yao.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hawa walipewa shoka siku ya kwanza.
Msimulizi, sauti imepakwa siagi
mwaka ambao siagi ilikuwa ya mgao, anasema:
"Wana wa jua, baridi haiwapunguzii furaha."

Wa tatu kutoka kushoto ni baba yangu,
Osric Gillett, mkata mkangazi wa Mto Belize.

Mwenye kamera alitaka watetemeke.
Walikuwa wakitetemeka tangu Novemba,
vibandani, maji yakiganda ndooni,
na wawili walikuwa wamekwisha zikwa kwa kifua.
Lakini mtetemo wa kweli ni mdogo,
kamera haiuoni.
"Zaidi," akawaambia. "Halafu mcheke."
Baba alicheka mara nne.
Mara ya tano alitema mate. Hiyo haimo.

Alisema kitu pia. Mdomo unafunguka,
tarumbeta zinaumeza.
Nimerudisha mkanda mara sita nikimsoma midomo:
labda jina lake,
labda tusi la Kikrioli, na ningependa liwe tusi.

Na pale ukingoni, kulia, tazama upesi:
kiwiko cha mwanamke, na mpini wa birika.
Ni mama, Ishbel, aliyewaletea chai.
"Sogea, binti," aliambiwa, "unaharibu picha."
Akasogea. Kiwiko kikabaki.
Mimi nilizaliwa baada ya miezi kumi na minne,
nje ya fremu.

Taa zinawashwa. Kwenye kadi ya maelezo
mtu ameandika kwa mashine, zamani:
*Wakata miti wa kikoloni. Hawajulikani.*

Naomba kalamu.
Humu wino hauruhusiwi, anasema, penseli tu,
maana penseli hufutika.

Haya. Nipe hiyo penseli.
Naandika polepole, herufi kwa herufi,
nikikandamiza.