Daftari la Vipimo

Suti tano za buluu, kola nyeusi ya satini,
nilizishona Machi, mwaka themanini na sita,
hapa Bondeni, Nakuru, mlango wa tatu kutoka kwa muuza makaa.
Walilipa nusu.
Nusu ya pili ingali daftarini, wino umepauka.

Ukurasa wa kumi na mbili.
Mukhwana, gitaa: kifua thelathini na nane.
Kiptanui, besi: bega la kulia limeshuka,
alibeba magunia ya pareto kiwandani kabla ya kubeba gitaa.
Oriedo, ngoma: kiuno ishirini na saba.
Nilimuuliza kama kwao hupikwa.
Njuguna, kinanda: hakutulia nimpime, vidole vyake
vilikuwa vinacheza juu ya meza yangu ya kukatia.
Na Zamzam, sauti, aliyeikataa sketi:
“Nishonee suruali kama zao, mama.
Sitaki kuwa mgeni kwenye picha yangu mwenyewe.”

Wakajiita Tano Timamu.
Jina lenyewe, nadhani, ndilo lililowaroga.
Watano wale walitimia majuma sita tu.

Oriedo alipata kazi ya reli, akahamia Eldoret.
Alirudisha suti imekunjwa vizuri,
mfukoni kipande cha kijiti cha ngoma.
Akaja Lubanga, mwili wa kushiba.
Sikuhangaika. Mimi huacha inchi mbili ndani ya kila mshono,
akiba, kwa kuwa mwili haujui kesho yake.
Nikafumua, nikatanua, akaingia.
Ijumaa akapiga ngoma hoteli ya karibu na stesheni
kwa jasho lake na koti la mwenzake.

Kisha Njuguna, ugomvi wa nauli.
Wa kurithi kinanda chake alidumu siku kumi na nne;
nimeandika kipimo cha shingo tu, jina sikuwahi kuuliza.
Kisha Kiptanui akaokoka.
Alikuja kuniambia yeye mwenyewe, kofia mkononi,
kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa bendi.

Kanda waliirekodi usiku mmoja, wimbo mmoja.
Redio iliupiga Jumamosi, saa saba kasorobo,
mtangazaji akasema “Tano Tamu”,
na kabla Zamzam hajafika kiitikio
zikaingia pipi za saa na taarifa ya habari.
Nilikuwa nimesimamisha cherehani ili nisikie.
Kwenye jalada, picha ilikuwa ile ya mwanzo:
waliopiga si waliopigwa picha.
Njuguna anatabasamu pale kwa noti asizozicheza,
na Lubanga, aliyezicheza zake zote, hayupo.

Mukhwana aliondoka bila kuaga. Suti yake
niliiona miezi baadaye Soko la Wakulima,
imevaliwa na mtu anayeuza viazi, mikono imekunjwa.
Nilimwangalia mabegani. Ilimkaa.

Oktoba ya pili, mvua inanyesha,
Zamzam aliingia na gunia.
Ndani suti nne, pamoja na yake.
“Watu kumi na mmoja, mama, nimewahesabu usiku.
Wote walikuwa wazuri.”
Nikasema nitaziuza, tugawane.
Akasema fanya upendavyo, akaketi,
akanywa chai yangu yote bila sukari.

Sikuziuza.
Nilianza kuzifumua kwa wembe, taratibu, kuokoa kitambaa.
Nje buluu ilikuwa imekufa,
makwapani chumvi, viwikoni mng'ao wa kusugua meza za baa.
Lakini ndani ya mishono, ile akiba ya inchi mbili
ambayo taa za jukwaani hazikuiona,
ilikuwa buluu ya Machi,
buluu ya siku waliyosimama wote watano
kwenye kioo changu chenye ufa,
wakisukumana, kila mmoja akitaka katikati,
na mimi nikiwa na pini mdomoni
nikiwakataza wasinichekeshe.