Mgeni wa Saa Nane Usiku

Alikuja nimelala. Hakubisha hodi.
Nilikwisha kumruhusu mwenyewe, siku ile
nilipobonyeza Kubali bila kusoma.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema.
Asubuhi laptopu ilikuwa imenawa uso,
herufi mpya, rangi mpya,
na pale pembeni, palipokaa vile vipinde vitatu
kama nyusi zilizobebana,
patupu.

Hombolo, Agosti. Upepo unayapiga mabati kwa mchanga.
Kreti mia mbili na kumi na nne za zabibu
zimepangwa chini ya turubai,
na orodha imo humu ndani:
Chilongani kilo ngapi, mjane wa Masima kilo ngapi.
Inatakiwa mjini kabla ya saa saba,
la sivyo lori haliji,
na zabibu haijafundishwa kusubiri.

Nikazima. Nikawasha.
Nikaweka modi ya ndege, nikaitoa,
mimi ambaye ndege naziona tumbo tu.
Nikachomoa ruta, nikahesabu hadi thelathini
kama mtoto wa kombolela,
nikafumbua macho:
bado imejificha.

Simu ya Nyendo, kioo kimepasuka,
inakamata waifai ile ile. Anacheka video ya mbuzi.
"Basi tatizo si hewa," akasema bila kuinua kichwa.
"Ni sikio."

Sikio.
Nikaingia matumboni mwa mashine, orodha ndefu ya vifaa,
na chini kabisa kimoja kina alama ya mshangao, njano,
kama mtoto aliyechapwa kwa kosa la mgeni.
Draiva. Mgeni alikuja na yake, inang'aa,
isiyojua kilugha cha kadi hii ya mtumba
niliyoinunua Majengo kwa dhamana ya mdomo.

Na dawa ya kukosa mtandao
iko mtandaoni.
Nilicheka peke yangu, kicheko cha mtu
aliyefungia ufunguo chumbani.

Nyendo akachomoa waya wa chaja,
mweupe uliokwisha kuwa mwekundu kwa udongo wa hapa,
akaifunga simu yake na mashine yangu
kama mbuzi wawili kamba moja.
"Video yangu isikatike."

Draiva ya zamani ikarudi kitini pake.
Kipinde kimoja. Viwili.
Saa sita na dakika arobaini orodha ikaondoka.

Usiku huu imeniuliza tena:
Sasisha sasa, au baadaye?
Baadaye.
Waya wa Nyendo uko mezani bado.
Hajauulizia, nami sijaurudisha.